Kiinua mgongo, mikorosho ya baba na mdogo wangu anayetaka kiwanda

Kaka mshauri, shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, marahaba.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Mbagala, kwetu ni Masasi. Nilistaafu mwaka jana baada ya kazi ya wodini iliyonimaliza magoti. Mafao yangu ya mkupuo yalipotoka nikamalizia kuezeka nyumba, nikalipa deni la kikoba, zikabaki milioni 38. Hazijawahi kukaa fedha nyingi hivyo kwenye akaunti yangu na nadhani hazitakaa tena. Ndiyo maana naziogopa.

Tatizo ni kwamba kila ndugu ana mpango nazo. Mdogo wangu wa kiume yuko Masasi. Anasema ni aibu watu wa kusini tunaotoa korosho kuziuza na maganda yake, halafu Mhindi na Mvietinamu wanabangua na kutuuzia jina. Anataka tufungue kiwanda kidogo cha kubangua. Ameshapiga hesabu: mashine za kubangulia, tanuri na vifaa vingine milioni 14, korosho ghafi za kuanzia milioni 20, na milioni 4 za pango na vibali. Anasema kwenye semina waliambiwa kwamba thamani yote ya korosho iko kwenye kubangua, na kwamba kule Maranje serikali yenyewe inatenga eneo la viwanda vya korosho, kwa hiyo tutakuwa tumewahi treni.

Shemeji yangu ananishawishi kwa sauti ya chini. Anasema niachane na viwanda, nimpe milioni 10 tu aende vijijini kuanzia Julai, wakati watu hawana kitu, akakopeshe wakulima na walipe kwa korosho msimu ukianza. Anaiita biashara ya kusaidiana. Mimi najua jina lake jingine ni kangomba.

Mwanangu wa pili anasambaza soda na maji madukani huku Temeke kwa gari la kampuni. Yeye anacheka tu, anasema mama weka benki ulale.

Na tuna shamba la marehemu baba, ekari nne za mikorosho, nusu imezeeka na nyasi zimefika kiunoni. Mdogo wangu halihesabu kabisa. Anasema kilimo ni cha kizamani, fedha ziko mbele ya mnyororo.

Kaka, naomba unionyeshe huo mnyororo kwa lugha ya mtu wa kawaida. Ni kiungo gani kinacholipa kweli? Sitaki kuwa mwanamke aliyekula kiinua mgongo chake kwa mwaka mmoja.

Mama wa Mbagala

*

Dada yangu, nitachukua hiyo marahaba. Umenizidi, naona, kwa miaka miwili mitatu. Shikamoo.

Niseme mapema ninakoelekea ili usisome kwa wasiwasi: milioni 20 za korosho ghafi usizitoe. Za shemeji usizitoe hata shilingi. Shamba la baba, ambalo mdogo wako amelivuka kama mtu anayevuka dimbwi, ndiko hesabu yangu itakakoanzia. Sasa nikueleze kwa nini.

Kosa la mdogo wako ni la kawaida, na limewaumiza wakubwa kuliko yeye. Anachanganya mahali thamani inapoongezeka na mahali faida inapobaki. Ni kweli kabisa kwamba kilo ya korosho karanga, yaani iliyokwisha kubanguliwa, ina bei kubwa mara kadhaa kuliko kilo ya korosho ghafi. Lakini kilo moja ya karanga inameza kilo nne hadi tano za ghafi. Ukishalipa hizo kilo nne na nusu, tofauti uliyokuwa unaitamani imeyeyuka, na bado hujamlipa mama anayemenya ngozi nyembamba kwa kisu.

Tukae na kalamu. Bei nitakazotumia ni za mfano, weka za msimu wako. Tuseme ghafi imesimama shilingi 3,000 kwa kilo mnadani. Milioni 20 zinakupa kilo 6,667. Ukipata asilimia 22 ya karanga, hiyo ni kilo 1,467. Ukiziuza zote, nzima na zilizovunjika, kwa wastani wa shilingi 16,000, unapata milioni 23 na laki nne na ushee. Toa shilingi 1,500 kwa kila kilo ya karanga kwa ajili ya wabanguaji, umeme, mifuko na usafiri. Toa milioni 20 za ghafi. Mkononi inabaki kama milioni moja na laki mbili na nusu. Kwa mwaka mzima. Kabla ya pango, kabla ya kuhesabu uchakavu wa mashine, kabla ya gunia moja kupata unyevu. Na kufikia hapo umefunga milioni 34.

Umeona kilichotokea? Katika kila shilingi 100 za mauzo, shilingi 85 zilikuwa ni za kumrudishia aliyekuuzia ghafi. Kiwanda cha kubangua, ukikitazama vizuri, ni ghala la fedha za watu lenye mashine ndani. Ghafi ikipanda shilingi 200 tu kwa kilo na karanga isipande, faida yako ya mwaka imeisha na umeanza kuingia ndani ya mtaji.

Tena hao wanaopanga bei ya ghafi si majirani zako. Mnadani unakutana na wanunuzi wa Vietnam na India, na wao wana sababu ya kuitaka korosho yetu ambayo wewe huna. Mavuno yao, na ya Afrika Magharibi, yanakuja kati ya Februari na Juni. Yetu yanaanza Oktoba, wakati maghala yao yamekauka na viwanda vinataka mzigo. Kwa hiyo mtu wa kule yuko tayari kulipa zaidi ili mashine zake zisisimame. Yeye ananunua kutoka nchi nyingi na anafanya kazi miezi 12. Wewe unanunua mara moja, unarundika, unabangua mpaka ziishe au mpaka mkopo uive. Ukigeuka upande wa pili kuuza karanga, bei nayo imepangwa na soko la dunia. Mbanguaji mdogo amebanwa huku na huku, kama korosho yenyewe kwenye meno ya mashine.

Mdogo wako atasema: mbona kuna ushuru wa kusafirisha korosho ghafi? Upo, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kinachochukuliwa ni kile kikubwa, na nia yake mojawapo ni kumpa nafuu anayebangua hapa nyumbani. Mkubwa mwenye mtaji wa bei nafuu anaweza kuishi ndani ya nafuu hiyo. Wa milioni 38 hawezi, kwa sababu ya jambo ambalo kwenye semina hawalisemi sana: kontena. Mnunuzi wa nje ananunua kontena la futi 20, nalo linabeba makasha 700 ya kilo 22.68. Ni karibu tani 16 za karanga, yaani zaidi ya tani 70 za ghafi. Kwa uzalishaji wa kilo 1,467 kwa mwaka mtahitaji karibu miaka 11 kujaza kontena moja. Kwa hiyo soko la nje analoliota halipo. Mtauza kwa mkusanyaji, kwa bei ya mkusanyaji.

Wala hatuko wa kwanza kuota ndoto hii. Zaidi ya viwanda kumi vya korosho vilijengwa nchini, hasa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Wakati vinapangwa nchi ilikuwa inavuna hadi tani 145,000, msimu wa 1973/74. Wakati vinasubiri mzigo, watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Ukipita Masasi au Newala waulize wazee. Majengo mengine yaligeuka maghala ya hizo hizo korosho ghafi zinazopita kwenda bandarini.

Na asikuambie ni uzembe wa Kiafrika. Mji wa Kollam, jimbo la Kerala huko India, umebangua korosho kwa vizazi, na wanawake wake wana vidole vyepesi kuliko mashine. Miaka ya 2010 bei ya ghafi ilipopanda, mishahara ikapanda, na Wavietinamu wakaja na mitambo, viwanda vingi vya Kollam vilifunga milango. Kama wao walikwama kwenye kiungo hicho, mimi sitakushauri uingie na kiinua mgongo.

Unataka kujua kiungo kinacholipa. Mimi huwa sianzi na bei. Naanza na maswali matatu, na ya kwanza mawili umeshayaona hapo juu: kwenye kila shilingi 100 ya mauzo, ngapi zinabaki kwangu? Na shilingi hiyo hiyo inanirudia mara ngapi kwa mwaka? Watu wanauliza la kwanza na kusahau la pili. Muuza vitumbua anabakiwa na kidogo kwa kila kitumbua, lakini mtaji wake unarudi kila jioni. Mwenye kiwanda anangoja mwaka.

La tatu ndilo linalonipa usingizi: nani anaweza kunifungia mlango? Kiungo kinacholipa sana ni kile ambacho wengine hawawezi kukiingia kesho asubuhi. Kuna mwenye kibali, mwenye ghala pekee wilayani, mwenye ujuzi wa kubebesha miche (kuunga kikonyo cha mti bora kwenye mche), mwenye jina ambalo mlaji analitafuta dukani. Palipo wazi kwa kila mtu, faida huliwa na wageni. Niliwahi kuingia mwenyewe mahali palipo wazi. Nilinunua mashine ya kukamua alizeti kule Singida, kila mtu alikuwa ananunua, na tulipomaliza kununua sote tukagundua alizeti inaisha baada ya miezi mitano na mashine ni nyingi kuliko magunia. Kilichonilipia umeme ni mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, niliyokuwa nimeyahesabu kama takataka. Wafugaji wa kuku ndio waliokuwa na haraka.

Yupo Mtaiwan anayeitwa Stan Shih, mwanzilishi wa Acer, ile kampuni ya kompyuta. Mwaka 1992 alichora mstari kuonyesha faida inakaa wapi katika kazi yao. Mwanzoni, kwenye ubunifu na ufundi, mstari uko juu. Mwishoni, kwenye jina la bidhaa na huduma kwa mteja, uko juu tena. Katikati, kwenye kuunganisha vyuma, umeshuka. Mstari ukakunjika kama tabasamu, na kila nikiuona nafikiria korosho iliyolazwa chali. Yeye hakuwa anazungumzia Masasi, lakini kubangua ndilo tumbo la huo mkunjo: kazi nyingi, vumbi jingi, na mafuta ya ganda yanayounguza mikono.

Basi tuutembee mnyororo wako kwa maswali hayo, na sitakaa kila mahali.

Mnadani kwanza, kwa sababu ndipo macho ya wengi yalipo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghalani, unauzwa mnadani, na siku hizi mnada unaendeshwa kwa mtandao wa soko la bidhaa, TMX. Wanaonunua ni wenye leseni na mabilioni. Mlango umefungwa kwako, na ni afadhali, maana huko mtu anaweza kupoteza kwa wiki moja. Unakumbuka 2018? Wakulima walikataa bei za wanunuzi, Rais Magufuli akaamua serikali inunue kwa shilingi 3,300, na jeshi likaingia kusomba. Aliyekuwa amejipanga kununua mnadani mwaka ule alikuta hakuna mnada. Magunia nayo yanalipa, kila msimu utasikia kelele za upungufu, lakini yanapita kwenye zabuni za wakubwa. Malori ya Fuso kutoka kijijini hadi ghala kuu yanalipa pia. Tatizo huna lori, na lori la mkopo linakula kuliko ng'ombe.

Kangomba. Nikudanganye niseme haina faida? Kwa kila shilingi iliyowekwa, hakuna kiungo kilichowahi kunenepesha watu kusini kama hiki. Unamkuta mtu Julai mtoto anaumwa, unampa elfu 30, Oktoba unabeba gunia. Faida yake haitokani na korosho, inatokana na njaa ya miezi mitatu. Ni kosa kisheria, na mzigo ukikamatwa shemeji hatasema fedha zilikuwa zake. Wewe umekaa wodini, unajua nyumba ambazo mtoto huugua Julai ni zipi. Mwambie hapana mbele ya watu wazima wengine, ili asirudi na jina jipya la biashara ile ile.

Lakini usiondoke hapo haraka, kwa sababu kangomba imetuonyesha kitu. Mkulima wa korosho ana fedha Novemba, anazihitaji Juni. Anayeweza kumhudumia Juni na kulipwa Novemba, kwa halali, amekalia kiungo kizuri. Huduma gani? Kupulizia. Ubwiriunga haungoji, mikorosho ikichipua maua, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, inahitaji salfa au dawa ya maji kwa raundi kadhaa, kila baada ya wiki mbili tatu. Salfa imekuwa ikigawiwa na serikali kupitia AMCOS, lakini mashine ya kubeba mgongoni, petroli, na kijana anayejua kupulizia alfajiri kabla ya upepo, hivyo haviji na ruzuku. Wazee wengi wana miti na hawana nguvu. Mdogo wako ana nguvu na yuko palepale. Mpe mashine moja, si kiwanda. Aanze na shamba lenu, kisha majirani, kwa bei ya mti mmoja iliyoandikwa kwenye karatasi na kuwekwa saini mbele ya katibu wa AMCOS. Mwaka wa kwanza adai nusu taslimu. Akiweza kudai na kulipwa, utajua kama ni mfanyabiashara.

Sasa shamba. Ekari nne, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ni kama mikorosho 112. Tuseme kwa sasa, na nyasi zile, mti unakupa kilo 5, na ukipalilia, ukapogoa na kupulizia unafika kilo 10. Kilo 5 za nyongeza kwa miti 112 ni kilo 560. Kwa bei ile ile ya mfano ya 3,000, ni milioni 1 na laki 6 na elfu 80 kwa mwaka, kabla ya makato ya chama na ghala na gharama za palizi. Linganisha na kile kiwanda. Milioni 34 zilileta milioni moja na robo. Hapa umeweka jembe, mashine ambayo tayari inafanya biashara nyingine, na vibarua wa wiki chache. Na mnunuzi wa Vietnam aliyekuwa adui wa mbanguaji amegeuka rafiki wa mwenye shamba: akigombania mzigo Oktoba, wewe ndiye unayelipwa.

Ile nusu iliyozeeka usiing'oe yote kwa mwaka mmoja. Nenda, au mtume mtu mwenye subira, TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mtwara, uulize miche iliyobebeshwa inayofaa udongo wa kwenu. Panda kwenye mapengo kwanza. Na hapa pana kiungo kingine kidogo ambacho simjui mtu aliyekijutia: kitalu cha miche. Mtu mwenye ujuzi wa kubebesha, maji karibu, na uaminifu wa kutodanganya aina, anauza ujuzi zaidi kuliko mche. Mdogo wako akipenda kusoma, hilo linamfaa kuliko tanuri.

Mwisho wa mnyororo, upande wako wewe. Unaishi Mbagala, barabara ya Kilwa iko mlangoni, mwanao anaingia madukani Temeke kila siku na wenye maduka wanamjua kwa jina. Mnacho tayari kitu ambacho wabanguaji wa Masasi wanakilia. Na wewe ni muuguzi: usafi, vipimo na kuandika kila kitu ni mwili wako. Kukaanga na kufungasha korosho karanga ni kazi ya mtu wa aina yako.

Usinunue zile kubwa nyeupe za daraja la juu. Korosho nzima huhesabiwa kwa ratili: W180 ni nene na ghali, W320 ndiyo ya kawaida, kisha zinafuata nusu na vipande ambavyo bei yake inashuka sana ingawa utamu ni ule ule. Mtu aliyekwama kwenye foleni na pakiti ndogo mkononi hahesabu ngapi zimepasuka. Kilo 20 za mchanganyiko kwa 16,000 ni 320,000. Zikikaangwa zinapungua kidogo, tuseme unapata pakiti 380 za gramu 50. Dukani unaziacha kwa 1,200. Hiyo ni 456,000. Gesi, chumvi, mifuko, lebo na nauli tuweke 60,000. Zimebaki 76,000, na fedha zimerudi ndani ya wiki tatu nne, si mwaka. Ukiwa na milioni 5 na ukibakiwa na asilimia 15 tu kwa mzunguko, mizunguko 10 ni milioni 7 na nusu. Wenye maduka wakikuchelewesha, na watakuchelewesha, mizunguko ikawa sita, bado ni milioni 4 na nusu. Mtaji ni sehemu ya saba ya ule wa kiwanda.

Kuna ushindani, silifichi hilo. Kuanzia Mkuranga hadi taa za Mtoni kwa Aziz Ali vijana wanauza korosho kwenye mifuko ya plastiki. Hao wanauza kwa anayepita. Wewe utauza kwa anayerudi, na anarudi kwa sababu pakiti ina tarehe, ina alama ya ubora ya TBS, na korosho haina harufu ya mafuta ya jana. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana uzoefu wa kumwongoza mjasiriamali mdogo hadi apate hiyo alama. Jina lichague fupi. Gari la mwanao ni la kampuni, kwa hiyo pakiti zako zisipande humo bila ruhusa. Tumia ufahamu wake wa maduka, bodaboda itabeba mzigo.

Karanga utazipata wapi? Kwa kina mama wanaobangua kwa vikundi huko huko Masasi, ambao shida yao kubwa ni soko. Mdogo wako, mwenye uchungu wa korosho kuondoka na maganda yake, atakuwa anawanunulia wabanguaji wa kwao. Akibaki na hamu ya mashine baada ya misimu miwili ya kuwa mnunuzi, hapo atakuwa anajua asilimia ngapi zinavunjika na kwa nini, na tutazungumza tena. Kabla ya hapo aulize AMCOS na Bodi ya Korosho mbanguaji mdogo anapata ghafi kwa utaratibu gani msimu huo, maana mashine isiyo na mzigo halali ni mwaliko wa kangomba.

Kwa hiyo milioni 4 shambani na kwenye mashine ya kupulizia, milioni 5 kwenye pakiti, lakini si zote mara moja. Zilizobaki mfuate mwanao wa pili nusu ya njia: si akaunti ya kawaida, bali hatifungani za serikali kupitia Benki Kuu, zinazolipa riba mara mbili kwa mwaka. Hizo ndizo za magoti yako.

Wiki hii fanya moja tu. Nunua kilo 5 za vipande, kaanga nyumbani kwa namna tatu: chumvi, pilipili na ndimu, na kavu kabisa. Fungasha bila lebo, mpe mwanao apeleke maduka kumi ambayo mwenyewe yupo kaunta, pakiti sita kila duka, na daftari. Arudi baada ya siku nane aandike zilizobaki na aulize zipi ziliulizwa tena. Niandikie hizo namba kabla hujamjibu mdogo wako.